Asali ya Sultani Kamali

Palikuwa na Sultani mmoja, Kamali jina lake, aliyejifunza kusoma ndevu zikiwa zimeshageuka nyeupe. Laiti wangemwacha vivyo hivyo. Maana siku alipoweza kulisoma jina lake mwenyewe, aligundua kwamba lile "ali" la mwishoni limo pia kwenye wali, kwenye shali, kwenye ugali na kwenye asali. Mtu mwenye akili timamu angecheka kidogo akaenda kulala. Yeye akatoa tangazo: kila kitu chenye herufi zake ni chake.

Basi wali ukabebwa na vyungu vyake. Ugali ukafuata. Wazee wakavuliwa shali mabegani, watu wazima, wametoka kuswali. Mwanachuoni mmoja akauliza kwa upole kama ajali nazo ni za Sultani, maana herufi zimo. Akajibiwa kwamba hizo wataendelea kugawana raia.

Mjini hapo alikuwapo mjane mmoja, Mwanakheri, mwenye mizinga mitatu porini na ulimi usiojua kupumzika. Mizinga hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Ikichukuliwa, hana budi kurudi kwa shemeji yake, kutwanga na kusimangwa.

Sasa, nchi ile ilikuwa na sheria yake. Mizinga huning'inia porini bila mlinzi, kwa hiyo mwenye asali ndiye peke yake anayetia mkono mzingani. Mwingine akitia, hukatwa. Kusema umetumwa hakusaidii, maana kila mwizi aliyekamatwa alidai ametumwa. Sheria hiyo aliitunga Kamali mwenyewe, na aliipenda mno.

Askari walipokuja kumwambia Mwanakheri kwamba asali si yake tena, hakulia. Alijitanda kanga akaenda kwa Sultani.

"Nasikia unaninyima asali yangu," Sultani akasema.

"Nani, mimi? Asali ni yako kabisa, Mtukufu. Nimekuja kukupa hongera, na kukuuliza utairina lini."

"Nirine mimi? Utarina wewe, uniletee."

"Nitie mkono kwenye asali ya Sultani? Mkono wa kulia ninao mmoja tu, Mtukufu, na bado nautumia."

"Nakuruhusu."

"Hata wale uliowakata walisema wameruhusiwa."

Waziri akainama kutafuta kitu sakafuni. Hakikuwapo.

"Basi ataenda askari," Sultani akasema.

"Aende, mradi akirudi akatwe. Ama uifute sheria, mimi sina neno. Ila mizinga yote ya nchi sasa ni yako. Kesho kila mlevi atachota, na kila mmoja atasema ametumwa na wewe."

Sultani akatazama huku na huku. Kuifuta sheria hawezi, asali yote itaibwa. Kusema amekosea ndiyo hawezi kabisa, baraza limejaa watu. Akavaa kilemba chake kikubwa, wakaenda porini, na mji mzima ukiwa nyuma yao kwa heshima na adabu, kila mtu amejiziba mdomo kwa kitambaa.

Chini ya mzinga Sultani akasikia mvumo. Akaunyoshea mkono mwenge uliokuwa ukifuka moshi mkononi mwa Mwanakheri.

"Nipe huo."

"Ningekupa, Mtukufu, lakini mwenge haumo kwenye tangazo. Nimeusoma mara mbili, jina lako sikuliona."

Akapanda ngazi hivyo hivyo. Alipanda na kilemba na heshima zake zote. Alishuka upesi zaidi, kilemba kimebaki juu, jicho moja limefumba na mdomo umevimba hata maneno yanatoka kwa shida. La kwanza kueleweka lilikuwa kwamba tangazo limefutwa. Wali, ugali, shali, asali, kila mtu achukue chake aende zake.

Mwanakheri akashukuru kwa kupiga goti. Akaegemeza ngazi vizuri, akapanda na mwenge wake, akaanza kurina taratibu huku nyuki wakimzunguka bila matata.

Sultani alikaa chini akimtazama kwa lile jicho lililobaki.

"We mwanamke," akasema, "mimi jina langu limo ndani ya asali yenyewe. Mbona hawa nyuki wako wameniuma mimi, wewe wanakuacha?"

"Uwawie radhi, Mtukufu," Mwanakheri akajibu kutoka juu. "Hawajui kusoma."