Mkasi Mbele ya Ubao wa Baba

Kitu kikiwa mezani, kila mtu hukifikia akiwa amesimama. Kikiwa mvunguni, mrefu na mfupi wote hupiga magoti. Ndivyo walivyoona wahenga walipotuachia methali isemayo mtaka cha mvunguni sharti ainame: anayekitamani kitu kilichojificha hana budi kujishusha, avumilie vumbi, wala asione haya watu wakimwona anatambaa. Kuitamka methali hii ni rahisi kama kumeza mate. Kuitenda ni jambo jingine, hasa kwa mtu ambaye shingo yake imezoea kukaa wima.

Mtu wa namna hiyo alikuwa mwanamke mmoja, mkuu wa wakataji katika karakana ya kushona sare. Wenzake walimbandika jina la Mkasi, naye hakulikataa. Jina lilitokana na kazi yake, na vilevile na ulimi wake. Aliweza kutandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka kwenye meza ndefu, akakipiga chaki na kukikata pasipo hata kipande kimoja kwenda upogo. Aliweza pia kumtazama mwanagenzi aliyeshona ukosi kombo, akamwambia neno moja tu, "Fumua," na mwanagenzi akatamani ardhi ipasuke immeze. Mkasi hakupenda kukosea. Na kwa kuwa hakupenda kukosea, siku nyingi zilikuwa zimepita bila yeye kujifunza jambo lolote jipya.

Nyumbani aliishi na baba yake, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kiharusi kilikuwa kimempiga mzee huyo, kikaulegeza upande wake wa kulia na kuufanya ulimi wake uwe mzito. Akili ilibaki timamu, lakini ilikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani: yumo, ila hapati wa kumfungulia. Zamani alicheza sataranji karibu kila jioni na rafiki yake mfamasia. Mfamasia alifariki, kisha kiharusi kikaja, na tangu hapo ubao ulikaa kwenye meza ndogo kando ya dirisha, kete zimejipanga kama askari wa gwaride ambao amiri wao amewasahau.

"Mazoezi ya viungo ni nusu ya dawa," daktari alimwambia Mkasi. "Nusu nyingine ni kukipa kichwa chake kazi. Tukimwacha autazame ukuta hivi hivi, atatuponyoka taratibu."

Mkasi alimpigia simu kaka yake, aliyeishi mji mwingine.

"Mnunulie redio," kaka yake alishauri.

"Redio haimsubiri mtu ajibu," Mkasi akasema, akakata simu.

Jioni ile aliketi mbele ya ubao. Alijua jinsi kila kete inavyokwenda, kwani baba yake alimfundisha utotoni, kabla hajaukimbia mchezo kwa sababu ya kushindwa kila mara. Alimtoa malkia wake mapema, akamrusha huku na huku kama mtu anayefukuza nzi. Mzee, kwa mkono wake wa kushoto, alimnasa mfalme wa binti yake kabla chai haijapoa. Walirudia, mambo yakawa yale yale. Siku ya pili hayakubadilika. Siku ya tatu mzee aliusukuma ubao kwa mgongo wa mkono.

"Hii... si sataranji," alisema kwa shida. "Unasukuma... vibao." Akageuza uso.

Maneno yale yalimchoma Mkasi kama pasi ya moto. Angeweza kukata tamaa na kwenda dukani kununua redio. Lakini kuna kitu alikuwa amekiona. Katika zile dakika chache ambazo baba yake alikuwa akitafuta pigo la mwisho, macho yake yaliwaka kama ya yule mwalimu wa zamani aliyekuwa akizunguka mbele ya darasa na chaki mkononi. Mkasi aliyataka macho yale yarudi. Tatizo ni kwamba hayangerudi kwa mchezo wa kitoto, na yeye hakuwa na mwingine.

Sasa, katika karakana ile palikuwa na mwanagenzi waliyemwita Dereva. Alikuwa baba wa makamo, mwili jumba, aliyeendesha malori ya masafa marefu hadi mgongo wake ulipomwambia basi. Alianza kujifunza ushonaji katika umri ambao wenzake walikuwa wakifikiria pensheni, na vidole vyake vinene vilikuwa vikihangaika na sindano kama ng'ombe anayefungua mlango. Hata hivyo kila adhuhuri, wenzake wakila, yeye alikunjua ubao mdogo wa safari na kufungua kitabu kikuukuu kilichopoteza jalada. Miaka yote ya kusubiri kwenye foleni za mipakani, madereva wengine wakilala, yeye alikuwa akiipitia michezo ya mabingwa waliomo kitabuni humo. Katika kikundi cha sataranji cha mtaani kwake hakuna aliyemuweza.

Mkasi aliyajua hayo yote. Alijua pia kwamba asubuhi ile ile alikuwa amemfumulisha mtu huyo ukosi mbele ya karakana nzima. Kumwomba msaada kulimwia vigumu kuliko kumeza sindano. Adhuhuri alipita karibu na kona ya Dereva akijifanya anatafuta chaki, akarudi, akapita tena. Mwishowe alisimama.

"Dereva."

Dereva aliinuka haraka. "Ukosi tena, fundi?"

"Kaa. Ukosi sasa ni mzuri." Ulikuwa mzuri kiasi. "Nataka unifundishe hiyo sataranji."

Vyerehani vichache vilivyokuwa bado vikinguruma upande wa pili vilinyamaza. Wanawake wawili waligongana viwiko.

"Unajua kucheza?" Dereva aliuliza.

"Najua kete zinavyokwenda."

"Basi hujui bado," Dereva akajibu, wala hakusema kwa kejeli. "Vuta kiti."

Kiti hakikuwapo. Mkasi alikaa juu ya kasha la nyuzi, chini kuliko mwanagenzi wake. Walicheza, naye akashindwa upesi.

"Umeona malkia wako?" Dereva alisema. "Ametoka peke yake kabla jeshi halijaamka. Kila kete yangu inayomtisha inajipatia nafasi nzuri, na wewe kazi yako ni kukimbia tu. Hapa hapatengenezeki, fundi."

"Sasa nifanyeje?"

Dereva alikuna kidevu, akatabasamu kidogo. "Fumua."

Karakana nzima ilipasuka kicheko. Mkasi aliona masikio yake yakipata moto. Ulimi wake ukatafuta neno la kukatia. Halafu akawakumbuka wale wote aliowaambia neno hilo, na akatambua kwamba hata mmoja hakuwahi kumjibu. Walikaa tu wakafumua. Alizikusanya kete, akaanza kuzipanga upya.

Tangu siku ile, adhuhuri ilikuwa ya darasa. Kwanza Dereva alimpa mifunguo, yaani hatua za mwanzo za mchezo. Mkasi alizikariri kama wimbo, akaenda nyumbani akitembea kwa madaha. Baba yake alijibu hatua mbili kama ilivyoandikwa, kisha akasogeza askari wa pembeni ambaye wimbo haukumtaja. Mkasi alibaki mdomo wazi. Mzee hakumhurumia.

"Mambo yako hayafai kitu!" Mkasi alimfokea Dereva kesho yake. "Baba hakucheza ulivyosema."

"Barabara ikifungwa, dereva aliyekariri kona hulala hapo hapo," Dereva alijibu akitia uzi kwenye sindano. "Anayejua aendako hutafuta njia ya mchepuko. Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Swali hilo ndilo lililokuwa somo. Polepole Mkasi alielewa kwamba nyuma ya ule wimbo kulikuwa na sababu: kushika katikati ya ubao, kuwatoa farasi na maaskofu kazini mapema, kumficha mfalme nyuma ya askari wake kabla mapigano hayajachacha. Aliyafananisha na kazi yake. Anayejua nyuzi za kitambaa zinaelekea wapi hukata vazi lolote, hata ambalo hajawahi kuliona.

Baada ya mifunguo walihamia kwenye michezo ya mabingwa. Dereva alikuwa akiziba ukurasa kwa kipande cha karatasi, Mkasi akisie hatua inayofuata, kisha wafunue. Mara nyingi alikosea. Siku moja alifunua akakuta bingwa, katikati ya shambulio zito, amemrudisha farasi wake mahali alipotoka.

"Huyu si amepoteza wakati?"

"Endelea kufunua."

Alifunua mstari baada ya mstari. Farasi yule alizunguka kwa njia nyingine, akaibukia katika nyumba moja ya ubao ambayo hakuna adui aliyeweza kumng'oa, na mchezo ukaishia hapo. Mkasi aliurudia mchezo huo tangu mwanzo hadi kengele ya kurudi kazini ilipolia. Mwishowe Dereva akamletea miisho: ubao mtupu, wafalme wawili na askari mmoja.

"Kete tatu zina nini cha kusomwa?" Mkasi alibeua.

"Cheza na mimi uone."

Aliona. Alishindwa akiwa upande wa askari, akashindwa pia akiwa upande wa pili.

Nyumbani mambo yalibadilika kama kivuli kinavyosogea, usichokiona kikitembea ila unakuta kimefika. Mkasi aliendelea kushindwa, lakini kushindwa kwake kulirefuka. Jioni moja baba yake alinyoosha mkono kushika kete, akasita, akaurudisha pajani. Chai yake ilipoa akiwa bado anafikiri. Mkasi alijikaza asitabasamu. Siku nyingine mzee alianza kumsahihisha kwa mdomo, "Farasi huyo... hana kazi," na maneno, kwa kuwa yalikuwa na haja ya kutoka, yakatoka. Daktari alimsikiliza na kuuliza ni dawa gani mpya aliyopewa.

Kisha ikaja Jumapili ambayo kaka yake Mkasi alikuja kuwasalimu. Baada ya chakula baba na binti waliketi kwenye ubao, kaka akaketi kando. Mchezo ulikuwa mrefu. Mzee alipata askari mmoja wa ziada, akabadilishana kete kwa kete, hadi vikabaki vile vitu vitatu: mfalme wake, askari wake, na mfalme wa Mkasi aliyesimama njiani kumzuia askari huyo.

"Yamekwisha," kaka alisema akijinyoosha. "Mpe mzee mkono."

Mkasi alisogea karibu na ubao. Mfalme wake alitakiwa kurudi nyuma. Angeweza kwenda mshazari, kana kwamba anamzunguka askari, mahali palipoonekana pa ushujaa. Mkasi yule wa zamani angekwenda huko huko. Alimrudisha mfalme moja kwa moja nyuma, hadi ukingoni mwa ubao.

"Mbona unakimbia?" kaka aliuliza.

Mzee aliinua nyusi. Alimpeleka mfalme wake upande, na Mkasi akamsogeza wa kwake, wakasimama uso kwa uso. Mzee alimsukuma askari. Mkasi akarudi mbele yake na kumzibia njia. Ikabaki nyumba moja tu kwa askari yule kugeuka malkia. Sasa mzee alikuwa na mambo mawili: amwache askari wake aliwe, au amsogeze mfalme amlinde. Alimsogeza. Mfalme wa Mkasi hakuwa ametishiwa na kete yoyote, lakini hakuwa na hata nyumba moja ya kukanyaga. Kwa sheria ya mchezo hakuna aliyeshinda.

"Sare," Mkasi alisema.

Mzee aliukodolea ubao macho. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kaka aliinuka kwa hofu, akidhani ni maradhi, kumbe mzee alikuwa anacheka, nusu ya uso wake ikicheka kwa niaba ya uso mzima.

"Nani... amekufundisha?"

"Mwanagenzi wangu, baba. Zamani alikuwa dereva wa lori."

"Mlete."

Dereva alikuja Jumamosi iliyofuata, amevaa shati alilolishona mwenyewe. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. Mzee akamwitikia na kumwonyesha kiti. Walicheza alasiri nzima. Mkasi aliyekuwa akiingia na kutoka aliona mapema kuliko alivyotaka kwamba baba yake anazidiwa. Mfalme wa mzee aliponaswa, Mkasi alisimama mlangoni na sinia mkononi. Alihofia kumwona baba yake akiusukuma ubao na kugeukia ukuta, na safari hii asirudi tena.

Mzee hakuusukuma. Kwa mkono wa kushoto alizirudisha kete chache nyuma, akagusa nyumba moja.

"Hapa ndipo... niliharibu?"

"Kabla ya hapo, Mwalimu," Dereva alisema kwa adabu. "Uliharibu tangu ulipomtoa askofu."

Katika maisha yake ya kazi, mzee huyo ndiye aliyewaonyesha watu makosa yao. Hapakuwa na aliyemwonyesha yake. Alimtazama yule fundi mwanafunzi mwenye vidole vinene. Alimtazama binti yake pale mlangoni. Kisha aliushika ukingo wa meza, akajivuta mbele na kiti chake mpaka kifua kikagusa ubao, akainamisha kichwa juu ya kete.

"Nionyeshe," alisema, na neno hilo lilitoka zima, bila kukatika.

Mkasi aliiweka sinia chini, akavuta kigoda, akajiunga nao kusikiliza. Ama kweli, awe fundi au mwalimu, mtaka cha mvunguni sharti ainame.