Bei Iliyonywewa Kahawa

Badili fedha, usibadili neno. Methali hii mliisikia jana kwa yule mama muuza vitenge, alipokataa kumpandishia mteja bei ya doti aliyokwisha kumwahidi, nanyi mkacheka mkidhani ameitunga papo hapo. Hakuitunga. Ilianzia hapa hapa Tanga, katika duka dogo la kubadilishia fedha, uchochoroni, na aliyeisema mara ya kwanza ni mwanamke aitwaye Sikudhani. Mkitaka kujua ilikuwaje, tulieni, maana nikikatizwa huwa siendelei.

Sikudhani alilirithi duka kwa baba yake, marehemu Mzee Shehoza, pamoja na kibali chake, kabati lake la chuma na desturi zake. Desturi mojawapo ilikuwa hii: mteja akitajiwa bei akaridhika, humiminiwa kikombe cha kahawa chungu. Akishainywa, bei imefungwa. Anunue saa ile au alete fedha baadaye, dunia ipinduke, atauziwa kwa bei ile ile aliyoinywea kahawa. Hapakuwa na karatasi wala arubuni. Wazee wa mjini waliijua desturi hiyo kama wanavyoijua njia ya msikitini.

Vijana ndio walioisahau, na wa kwanza kuisahau alikuwa Hemedi, mdogo wake Sikudhani na mshirika wake dukani. Msimfikirie vibaya. Hemedi alikuwa hodari wa hesabu na mcheshi kwa wateja, ila alikuwa amechoka kukaa uchochoroni. Alichokitamani ni fremu moja ya duka kwenye barabara kuu, yenye kioo mbele na kiyoyozi ndani. Mwenye fremu alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Dada na mdogo wakawa wanadunduliza, na kodi ilikuwa karibu kutimia.

Siku moja ya jua kali aliingia Mzee Kihiyo, fundi mstaafu wa reli, jasho likimtiririka. Alitaka kuuliza tu bei ya dola. Yeye na mkewe, Bi Mwantumu, walikuwa wanakwenda kupumzika Shelisheli.

"Shelisheli, baba?" Sikudhani alimtania. "Mbona mnatuacha mbali hivyo?"

"Nakwenda kumaliza fungate, mwanangu."

Akaeleza. Walipooana, fungate yao haijafika hata katikati, treni ya mizigo iliacha njia huko Korogwe, naye akaitwa kazini akiwa bado ana hina ya harusi mikononi. Aliporudi, fungate ilikuwa imekwisha na bibi harusi anapika kama wanawake wengine. "Tangu hapo," mzee alisema, "nikimkosea lolote, hilo ndilo la kwanza kunikumbusha."

Watoto wao walikwisha kulipia tiketi na chumba. Fedha ya matumizi ndiyo ilikuwa juu ya mzee mwenyewe, naye alilitegemea shamba lake la machungwa Muheza. Tena waliambiwa kwamba mgeni akifika kule huulizwa kama anazo fedha za kujikimu, na asiyekuwa nazo anaweza kugeuzwa arudi alikotoka. Shilingi yetu hapa ni mfalme, lakini ng'ambo hakuna anayeijua hata jina. Ilikuwa lazima dola zinunuliwe nyumbani.

Sikudhani akamtajia bei. Mzee akapiga hesabu kwa vidole, akatabasamu. Machungwa yangetosha, ingawa isingebaki hata senti. Sikudhani alimwona alivyochoka, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye birika. Alitaka kumpumzisha mzee wa watu, basi. Mzee Kihiyo aliinywa kahawa yote, akakifudikiza kikombe kama walivyofanya watu wa enzi zake mapatano yakiisha, akasema, "Mungu akubariki. Nitarudi machungwa yakishauzwa."

Hapo ndipo Sikudhani alipotambua alichokifanya. Lakini bei ya dola ilikuwa imetulia kwa miezi mingi, naye akajiambia hakuna neno.

Hakuna neno! Machungwa hayajashuka mitini, shilingi ikaanza kuporomoka. Kila asubuhi Hemedi alifuta bei ubaoni akaandika nyingine. Watu wakagombania dola kama sukari ya mwezi wa Ramadhani, kabati la chuma likabaki tupu. Maduka makubwa tu ndiyo yaliyokuwa nazo, na bei zao zilikuwa za kukata maini. Sikudhani akakosa hamu ya kula. Alijua kwamba akitaka kumpa Mzee Kihiyo dola zake kwa bei ya zamani, itabidi azinunue kwa bei mpya, na tofauti yake ingeimeza kodi ya fremu yote.

Mzee alirudi wiki ya safari, mkewe akiwa nyuma yake. Bi Mwantumu alivaa viatu vipya, anavizoeza miguu. Mzee hajafika ndani, macho yake yakaangukia ubao. Akausoma, akausoma tena, kisha akaketi kwenye benchi polepole.

Hemedi ndiye aliyetangulia kusema. "Shikamoo, mzee. Dola imepanda. Si sisi, ni dunia. Kwa shilingi hizo utapata nusu yake na kidogo."

"Marahaba. Naona, mwanangu. Macho bado ninayo." Mzee akamgeukia mkewe. "Mwantumu, twende zetu nyumbani. Fungate yetu ina mkosi."

"Si uliniambia mlikwisha kunywa kahawa?" Bi Mwantumu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ile ilikuwa kahawa ya kiu," mzee alijibu haraka, bila kumtazama Sikudhani. "Nilikuja nimechoka, mtoto wa watu akanihurumia. Haikuwa ya bei."

Mnaona mambo hayo? Mwenye haki mwenyewe ndiye aliyeiacha haki yake, ili tu mwenzake asiaibike. Sikudhani angeweza kunyamaza, wazee wakaondoka zao, na mjini asipatikane wa kumsema. Na alitamani kunyamaza, siwafichi. Aliiona fremu ile mbele ya macho yake, kioo chake na kila kitu. Hemedi alikuwa akimkonyeza. Kisha akamtazama tena yule mzee, aliyekuwa tayari kuikosa safari aliyoingoja tangu ujana wake, akaona haya hadi masikio yakamwaka moto.

"Baba," alisema, "kahawa ile uliinywa kabla sijakutajia bei, au baada?"

Mzee akaanza kuinuka benchini aondoke.

"Umekwisha kusema uongo mara moja kwa ajili yangu. Tafadhali usiseme mara ya pili."

"Baada," mzee alisema.

"Basi imekwisha. Kaeni, msiende popote."

Hemedi aliruka kutoka kitini. "Dada! Na kodi ya fremu? Huyu hana karatasi, hana arubuni! Kila mtu mjini amebadili bei. Kwani kazi yetu sisi si ni kubadili?"

"Ni kubadili fedha," Sikudhani alimjibu. "Badili fedha, Hemedi, usibadili neno. Tukibadili na neno, kesho watu watatukabidhi fedha zao wakiamini nini?"

Alitoa bahasha ya kodi kabatini, akapokea na shilingi za mzee, akatoka. Alikwenda kwenye duka kubwa la barabara kuu, jirani kabisa na fremu aliyoitaka, akapanga foleni juani kama mteja yeyote, akanunua dola kwa bei iliyokuwa ubaoni. Aliporudi hakumpa mzee. Alizitia mikononi mwa Bi Mwantumu, akamwambia, "Fungate njema, mama." Bi Mwantumu alitaka kusema kitu, akashindwa, akamkumbatia hapo hapo. Hemedi alikwisha kuondoka, na mlango ulivyopigwa ulisikika mtaa wa pili.

Wazee wakaenda Shelisheli. Fremu ikapata mpangaji mwingine, na siku ilipokuwa ikipakwa rangi Sikudhani alipita, akaitazama, akalia njia nzima hadi nyumbani. Wema una gharama zake, na anayewaambia hauna basi hajawahi kuutenda. Wazee waliporudi kutoka safari, Bi Mwantumu hakuacha harusi wala kisomo bila kulihadithia neno lile, na likaanza kutembea mjini lenyewe. Mzee Kihiyo alileta fedha za msimu uliofuata wa machungwa afidie hasara. Sikudhani akazikataa. "Nikizipokea hizi, baba, nitakuwa nimekupandishia bei."

Hemedi alirudi kazini, maana angekwenda wapi, lakini alimnunia dada yake muda mrefu. Walizungumza habari za fedha tu. Sikudhani hakumlaumu. Alijua kijana alipoteza kitu alichokipenda, tena kwa neno ambalo hakulitoa yeye.

Ikapita mwaka na ushei. Siku hiyo Sikudhani alitoka sokoni, akamkuta dukani muuguzi mmoja aliyekuja kuuza yuro alizotumiwa na dada yake wa ughaibuni. Jana yake muuguzi huyo alipiga simu kuuliza bei, na Hemedi ndiye aliyempokea. Asubuhi ile yuro ilikuwa imeshuka vibaya. Sikudhani alitazama ubao, akatazama shilingi ambazo mdogo wake alikuwa akimhesabia yule mama, akaona haviafikiani.

"Hemedi," alisema taratibu, "hiyo si bei ya leo."

"Siyo. Ni ya jana. Nilimwambia aje, nitazinunua kwa bei hiyo."

"Tutapata hasara."

Hemedi hakuinua macho. Alimaliza kuhesabu, akazisukuma zile shilingi chini ya dirisha, akamwachia yule mama azichukue.

"Badili fedha, dada," alisema. "Usibadili neno."