Mlango wa Bibi Nabintu

"Ndugu huleta bati, mwenyeji huonyesha mlango." Watoto wa uani kwetu waliisikia methali hiyo shuleni juzi, wakanijia mbio kuuliza imetoka wapi. Nikawaambia wamefika kwenyewe. Katika Kalundwe yote hakuna aijuaye kama mimi, kwa maana bila mimi isingekuwepo. Ni mimi niliyewaonyesha mafundi wa Ngerenge milango yetu itazame wapi.

"Wewe, Kaka Musha?" Ansima, mmoja wao, akacheka.

"Mimi. Kaa kwenye gogo hapo. Na wewe mwenye muwa, tafuna polepole nisikike. Methali nyingine hazijulikani zilizaliwa lini. Hii ina siku yake, na siku hiyo nyinyi mlikuwa migongoni mwa mama zenu mkilia."

Nikaanza.

Vita ilipotuacha, Kalundwe ilikuwa mji wa kuta tupu. Ukiingia chumbani unaona mawingu. Watu walirudi mmoja mmoja kutoka kambini, wakajibanza chini ya maturubai. Ndipo Ngerenge, mji ulio ng'ambo ya mpaka, ambao haujapata kusikia risasi ila ya kuwindia nguruwe, ukasema unataka kuwa ndugu yetu. Mameya wawili wakatia sahihi, wakakumbatiana. Tukapiga makofi tukijua yameishia hapo, maana karatasi tulishaziona nyingi.

Kumbe wenzetu hawakuwa na utani. Kila nyumba ya Ngerenge ilitoa bati moja, na kila familia ikaandika jina lake kwa rangi upande wa ndani. Mpaka leo nikilala chali naweza kusoma paa langu: Familia ya Mzee Kibiriti. Familia ya Mama Tuli, Mchoma Mahindi. Sijawahi kuwaona, lakini mvua ikinyesha nawashukuru kwa majina.

Mabati yalikuja na mafundi kumi na wawili. Mkubwa wao, Fundi Kaswamila, alikuwa mtu mfupi asiyetoa penseli sikioni hata akila. Mimi nikapewa kazi ya kuwaongoza, kwa sababu nilikuwa nimefika kidato cha tatu, na kwa kusema nilikuwa nawapita wote. Baada ya wiki tano nyumba ishirini za kwanza zilikuwa zimesimama, zimepakwa chokaa, paa zinameta, na milango yote inatazama barabara, kama ilivyo kwao Ngerenge, ambako mtu huuzia vitumbua mlangoni pake.

Sasa, sisi wa Kalundwe milango yetu hutazama ua. Nyumba nne au tano zinaelekeana. Asubuhi kila mtu akifungua, anaiona milango ya wenzake. Mlango ambao jua limepanda haujafunguliwa, jirani huenda kuugonga. Si umbeya. Haya, ni umbeya kidogo.

Siku ya kukabidhi nyumba ikafika. Meya wa Ngerenge alikuja na kikundi cha ngoma. Nyumba nyingine arobaini zilikuwa zinaisubiri siku hiyo: wageni wakiondoka wameridhika, malori ya pili yatakuja. Jina la kwanza kuitwa likawa la Bibi Nabintu, mjane, mzee kuliko wote. Hakutokea. Wakamkuta nyuma ya nyumba yake mpya, upande wa ua, ameketi kwenye kigoda, ameukabili ukuta.

"Mama, funguo zako hizi," Meya akamwambia.

"Zirudishe, mwanangu. Turubai langu linanitosha."

Minong'ono ikazuka. "Bibi, utatufukuzia ndugu!" mtu akamkemea. "Chukua tu, utazoea!"

Fundi Kaswamila akachuchumaa mbele yake. "Mama, umeona ufa? Paa linavuja?"

"Paa ni zuri. Majina yote nimesomewa, na nimeyaombea. Lakini sikiliza. Wakati wa vita nilishikwa na homa, hata sauti ya kuita sina. Mama Chito, jirani yangu wa uani, akaona mlango wangu umefungwa mpaka saa nne. Akauvunja, akanibeba mgongoni hadi msituni. Jioni wale wenye bunduki wakaja, wakachoma nyumba. Leo mlango mmeugeuzia barabara. Barabara inanijua mimi? Nikizidiwa, barabara itanigongea?"

Fundi akageuka kuitazama barabara. "Lakini mama, tuliuliza. Siku ya kwanza kabisa tuliuliza, na mtu wa hapa akatuambia milango itazame barabara."

"Mtu gani?"

Hapo ngoma zilipigwa kwa nguvu sana, jina halikusikika. Tuendelee.

Fundi akatoa penseli, akachora ukutani. "Hapa?"

"Sogea kushoto. Nataka nimwone Mama Chito."

Fundi akavua koti la sherehe, akaomba nyundo. Meya naye akataka kupiga. Ngoma zikawekwa chini, wapigaji wakabeba matofali. Kufikia alasiri mlango ulikuwa umehamia uani, na pale pa zamani pamezibwa. Meya, nyusi zake nyeupe kwa chokaa, akasema, "Kumbe ndugu huleta bati, mwenyeji huonyesha mlango." Malori ya pili yakaja, na safari hii kila mwenye nyumba aliweka kwanza kigoda chake pale anapotaka mlango. Zile ishirini nazo zikageuzwa zote, isipokuwa moja, ambayo ina milango miwili.

"Si ni yako hiyo?" Ansima akauliza.

"Huo ni usanifu. Mtausoma kidato cha tatu. Kwa kifupi, mimi ndiye..."

"Musha!"

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Mlango wa Bibi Nabintu unatazama ua huo huo, na ulikuwa wazi tangu nianze. Akatoka na kigoda chake na ungo wa maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hizo ngoma unazosema, mimi nilikuwa nimekaa pua kwa pua na Fundi. Jina nililisikia. Waambie wenzako mtu huyo alikuwa nani, na barabarani alikuwa anatafuta nini."

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. "Saluni," nikasema.

"Sauti, baba. Ulifika kidato cha tatu."

"Ni mimi. Nilitaka mlango wangu utazame barabara, nifungue saluni ya kunyoa."

Mwenye muwa akapaliwa kwa kicheko. Bibi Nabintu akakaa, akaanza kuchambua maharage yake taratibu.

"Sasa mmeielewa, wanangu," akasema. "Ndugu huleta bati, mwenyeji huonyesha mlango. Wetu huyu alionyesha saluni."