Tope kwenye Vitumbua vya Bi Mashavu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa wanapika, wanauza na kugombana gengeni kama sisi, alikuwepo kiboko mmoja, jina lake Bi Mashavu. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa hapo, tafuna taratibu, nisije nikapotea njiani.

Bi Mashavu alikuwa anauza vitumbua kando ya bwawa lake. Mnene, mcheshi, ana vimasikio vidogo vinavyocheza kila akifurahi. Juu ya mti wa jirani aliishi Kindi, mama wa watoto wanne, mdogo wa mwili lakini akili yake mbio. Hawa wawili walipendana sana. Mwaka wa mafuriko, mti wa Kindi ulipoanguka, ni Bi Mashavu aliyewabeba wale watoto mgongoni akawavusha wote wanne, na hakuna aliyelowa hata mkia. Tangu siku hiyo Kindi alimwita dada, na alimaanisha.

Sasa, vile vitumbua. Loo! Vilikuwa vibaya, wanangu!

Mama zenu wakitaka kupika vitumbua huloweka mchele kwenye chungu. Bi Mashavu yeye aliutia kwenye kapu, akalizamisha kapu bwawani, palepale anapolala, anapooga na anapogaagaa. Asubuhi akautwanga, twa! twa! twa! Akatia tui, akatia sukari na iliki, akachoma. Kwa macho, vitumbua safi kabisa. Ukiuma, unakutana na tope.

Na hakuna aliyemwambia! Nchi ile ilikuwa na desturi yake: ukila chakula cha mtu, unashika kifua na kusema "Tamu, tamu, tamu!" Usiposema hivyo, unaonekana hukulelewa. Basi Tembo alikuwa anakula, anashika kifua, "Tamu, tamu, tamu!", kisha anazunguka nyuma ya kichaka. Ptuu! Nyati naye vilevile. Ptuu! Hata Fisi, huyu huyu Fisi mnayemjua, alikuwa anavifukia.

Na Kindi je? Kindi ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kifua. Miaka miwili alimdanganya dada yake kwa mapenzi.

Wateja wakaanza kupungua. Leo Tembo ana msiba, kesho Nyati anaumwa jino. Jua linafika utosini, beseni bado limejaa.

Asubuhi moja Kindi akashuka mtini, akamkuta Bi Mashavu anafungua kamba za kibanda.

"Dada! Kulikoni?"

"Nahama, mdogo wangu. Nakwenda ng'ambo ya mlima, kwa akina Pundamilia. Hapa pana husuda. Vitumbua vyangu vitamu, kila mtu anasifu, na hakuna anayerudi. Mtu kanifanyia kitu, si bure."

"Na huko mlimani kuna bwawa?"

"Hakuna. Nitazoea."

Kiboko bila maji! Kindi alijua mwisho wake. Ngozi ya dada yake ingepasuka kwa jua kabla wiki haijaisha. Kiboko akikosa maji hafi kwa uzee, wanangu.

Akafungua mdomo aseme ukweli. Akayaona yale masikio yamelala kwa huzuni. Mdomo ukajifunga wenyewe. Na hata angesema, dada angemjibu, mbona Tembo anasifu? Kindi akakuna kichwa, kru kru kru, mara akaruka.

"Dada, usiondoke leo. Nifundishe kazi kwanza. Nataka na mimi niuze vitumbua."

"Wewe? Na vidole hivyo? Ha ha ha!" Bi Mashavu akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mchele nimeshaloweka, nachoma vya kwangu, mchana naweka meza pale mwambani. Wewe jifiche kwenye matete, usikilize wateja wanasemaje, kisha unirekebishe. Halafu nipe na hilo beseni la vitumbua vya jana, watoto wangu hawajala."

"Chukua, mdogo wangu. Chukua vyote."

Kindi akabeba kidogo kidogo, mbio mbio, mpaka beseni likaisha. Kila kitumbua akakikata vipande vinne, akavipanga juu ya majani ya mgomba. Akapanda mti mrefu kuliko yote akaanza kupiga kelele.

"Njooni! Njooni! Kindi kafungua genge! Kuonja bure! Lakini mimi ni mwanafunzi, sitaki tamu tamu zenu. Nitajieni kasoro! Atakayetaja kasoro kubwa kuliko wote, nampa papai bivu!"

Papai! Wakaja wakubwa wote, vumbi juu. Na nani wa kumwogopa kindi?

Tembo akachukua kipande kwa mkonga, akakitupia mdomoni.

"Ptuu! Mama weee! Kindi, umepika vitumbua au umefinyanga vyungu?"

Kwenye matete kikasikika kicheko. "Khi khi khi!"

"Upepo huo," Kindi akasema haraka. "Endeleeni."

"Mimi nimekuta jani," akasema Nyati. "Jani zima! Hili hapa, tazameni."

"Mimi nala mifupa ya juzi," akasema Fisi, "lakini hiki, hapana."

"Khi khi khi!" Matete yakatikisika. Kindi alijua dada yake anauma ulimi huko, anawaza, maskini mdogo wangu, hajui hata kuloweka mchele. Moyo ukamuuma. Lakini akakaza uso.

"Kasoro nyingine?"

Nyati alikuwa bado anatafuna, macho kayafumba. "Ngojeni. Hili tope mbona nalijua? Kindi, nani kakufundisha kupika? Si Bi Mashavu? Maana vya kwake ndivyo hivi hivi!"

"Ndivyo hasa!" Tembo akapiga mguu chini. "Miaka miwili natema nyuma ya kichaka!"

"Mimi nafukia," akasema Fisi. "Papai langu liko wapi?"

Kicheko kikakatika. Halafu, shwaaa! Matete yakapasuka, akatoka Bi Mashavu, maji yanamchuruzika, mdomo wazi kama mlango wa zizi.

Fisi, yuko wapi? Hayupo! Nyati akainama, akajifanya anakula nyasi. Tembo akajificha nyuma ya mti mwembamba, tembo mzima!

Kindi angeweza kuwa juu ya mti kabla hujapepesa jicho. Lakini hakuondoka.

"Kindi. Umenifanyia nini?"

"Hivi vitumbua ni vyako, dada. Vya lile beseni ulilonipa. Mimi nimevikata tu."

Bi Mashavu akavikomba vyote kwa mdomo mmoja. Nyam, nyam, nyam. Akameza. Akawatazama.

"Mbona vitamu! Tope liko wapi?"

"Dada, wewe umezaliwa kwenye tope. Ulimi wako haulisikii. Sisi tunalisikia."

"Na wewe! Kila siku tamu, tamu, tamu!"

"Nilikudanganya. Ulikuwa unafurahi mno, masikio yanacheza, nikakosa moyo. Lakini ukienda kule mlimani utakufa, na mimi nitaishi na uongo wangu. Nichukie, dada, ilimradi uwe hapa bwawani."

Bi Mashavu akalia. Kilio cha kiboko si mchezo, vyura wote walihama upande wa pili. Alipomaliza akafuta pua, akageuka.

"Tembo, toka huko nyuma ya mti, nakuona. Nini kingine?"

"Ni... nini kingine nini, Bi Mashavu?"

"Kasoro! Habari ya tope nimeisikia. Nyingine?"

Tembo akachungulia. "Iliki, mama. Imezidi kidogo."

"Nyati?"

"Vikubwa mno. Katikati havijaiva."

"Ahaa," akasema Bi Mashavu. "Kumbe mlikuwa na maneno yote haya!"

Jioni ile mchele ukalowekwa kwenye chungu, kwa maji ya chemchemi, na Nyati ndiye aliyekwenda kuyachota. Asubuhi, chwaaa, kwenye mafuta. Harufu ikapanda mtini, ikafika kichakani, ikamwamsha Fisi. Kabla ya saa tatu beseni jeupe, hakijabaki hata kimoja, na Fisi amerudi mara ya nne. Kibanda kikafungwa kamba upya, ngumu kuliko mwanzo.

Bi Mashavu akamvuta Kindi pembeni. "Mdogo wangu, nimevionja. Havina ladha! Kama kutafuna upepo."

"Wateja wanasemaje?"

"Wanasema nichome vingine."

"Basi?"

Bi Mashavu akakuna shavu. "Basi nichome vingine."

Lakini kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe alitia konzi mbili za mchele bwawani, kama zamani. Kesho yake akachoma vitumbua vyake, akachukua kimoja cha moto, akampelekea Kindi kwa mikono miwili, masikio yameshaanza kucheza.

"Onja hiki, mdogo wangu. Hiki ndicho kitumbua!"

Kindi akauma. Akatazama yale masikio. Akavuta pumzi.

"Dada, hiki kinanuka tope."

Bi Mashavu akacheka, akacheka mpaka akaketi chini, puu! Akakichukua kile kitumbua akakila mwenyewe, kisha akamkumbatia Kindi, karibu ampasue mbavu.

Mimi maneno yangu yameniishia, ninyi bakini na hili: ukiuza chako, mshike sana yule anayekutajia kasoro, maana ndiye anayetaka kukukuta hapo tena kesho.