Kidole Kilichovimba Hakingoji Mavuno

Kidole kilichovimba hakingoji mavuno. Mmeyasikia maneno haya leo asubuhi, mama yenu alipomwambia jirani yetu anayekohoa tangu Pasaka, nanyi mkacheka mkaniuliza kikohozi kina kidole gani. Sogezeni nyungo zenu hapa, tuendelee kuchambua kahawa huku nawasimulia. Wengi wanadhani maneno hayo tuliachiwa na mababu. Sivyo. Yalisemwa mara ya kwanza katika nyumba hii, mimi nikisikia kwa masikio yangu, na aliyeyasema mnamjua. Ilianza hivi.

Kaka yangu Otmari alipooa, alituletea binti kutoka ng'ambo ya bonde, Xaveria Kapinga. Ndiye bibi yenu. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, lakini hakuwa mpole wa maneno. Kwenye kuchuma kahawa alituacha wote nyuma. Vidole vyake vilipita kwenye tawi kama mtu anayesali rozari kwa haraka, na nyuma yake hazikubaki ila punje mbichi.

Baba yetu, Mzee Betram Ndunguru, alikuwa mtu wa haki, ila mgumu. Nyumba yake ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote: kahawa ikianza kuiva, hakuna anayetoka shambani. Mwenye harusi aiahirishe. Anayeumwa jino ajifunge kitambaa. Hata anayetaka kufa, alizoea kusema, afanye hisani asubiri tumalize. Tulicheka, lakini tulitii.

Basi mwaka mmoja, kahawa ikiwa inaanza kuwa nyekundu, Xaveria aliamka na kidole cha shahada kimevimba chote, kuanzia shina hadi ncha, kimekaza kama mhogo mchanga. Asubuhi hakuweza kukunja ngumi mpaka jua lipande. Kisigino kilimchoma kila alipokanyaga. Na kulikuwa na jambo jingine alilolificha: viwiko vyake vilikuwa na mabaka yenye magamba meupe, ndiyo maana alivaa blauzi za mikono mirefu hata wakati wa joto. Kucha zake nazo zilikuwa na vitobo vidogo vidogo, kana kwamba mtu alizidunga kwa sindano.

Mama alimkanda kwa majani ya moto. Kwenye zahanati walimpa vidonge vya maumivu na dawa ya kupaka, wakamwambia ni kazi nyingi, apumzike kidogo. Alimeza, akapaka. Kidole cha pili kikavimba, kisha kidole cha mguu.

Mwingine angenyamaza. Xaveria hakunyamaza, kwa sababu ugonjwa ule aliutambua. Baba yake mzazi, Mzee Kasto, alikuwa fundi seremala, na magamba kama yale alikuwa nayo kichwani na magotini. Watu walisema amerogwa. Naye vidole vilianza hivyo hivyo, kimoja kimoja, na wakati ule randa yake ilikuwa inaning'inia ukutani bila mtu wa kuishika.

Jioni ya kuamkia siku ya kuanza kuchuma, tukiwa tunakula, Xaveria alinawa mikono mapema, akamgeukia baba.

“Baba, naomba ruhusa kesho. Nakwenda hospitali ya misheni.”

“Kesho tunaanza kuchuma,” baba alisema.

“Najua, baba.”

“Basi utakwenda tukimaliza. Kidole hakijamuua mtu.”

“Baba yangu aliambiwa hivyo hivyo. Angoje mavuno. Mavuno yakaisha, akaambiwa angoje paa la kanisa, kwa sababu yeye ndiye fundi. Paa likaisha, vidole vikawa vimeshapinda, na havikunyooka tena. Sasa mama anamlisha ugali. Anamfunga vifungo vya shati. Akiwa peke yake nyumbani na mlango umefungwa, hawezi kuufungua.”

Mama yangu alitikisa kichwa. “Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu.”

“Mama, Mungu hakumwambia angoje. Waliomwambia ni watu.”

Hakuna aliyekula tena. Katika nyumba ile mkwe hakuwahi kusema namna ile. Baba alisukuma sahani yake pembeni.

“Wewe umeolewa hapa. Nikisema hutoki, hutoki.”

Xaveria aliuweka mkono wake juu ya mkeka, karibu na taa, ili kila mtu auone.

“Kahawa ikidondoka mwaka huu, mwakani miti itazaa tena. Mkono wangu hauzai vidole vingine. Kidole kilichovimba hakingoji mavuno, baba. Kesho nakwenda, kwa ruhusa yako au bila ruhusa yako. Ningependa kwenda nayo.”

“Ukitoka kesho, usirudi,” baba alisema.

Tulimtazama Otmari. Kaka yangu hakuwahi kumjibu baba tangu azaliwe. Aliangalia ule mkono mkekani, kisha akasema, “Kesho nitachuma safu yangu na safu yake.”

Alfajiri Xaveria aliondoka, akichechemea. Njiani alipishana na wanawake wanaokwenda shambani na vikapu vyao. Mmoja akamwambia, “Unawaachia wenzako kazi.” Akajibu, “Kazi nawaachia. Mkono siwaachii.”

Hospitalini muuguzi alimwambia daktari wa viungo yumo, lakini wagonjwa wake wa siku ile wameshatosha, arudi wiki ijayo. Xaveria akaketi kwenye benchi. “Dada, nimefukuzwa nyumbani kwa ajili ya kuja hapa,” alisema. “Sina pa kurudi ili nije tena. Nitangoja.” Akangoja mpaka benchi likabaki naye peke yake, na daktari akatoka mwenyewe kumwita.

Alikuwa mwanamke, Daktari Hyera. Hakuanza na kidole. Alimwambia akunje mikono ya blauzi, akaangalia viwiko, akampekua nywele, akatazama nyuma ya masikio, akazigeuza kucha moja moja kwenye mwanga. Akamuuliza kama kwao kuna mwingine mwenye ngozi ile. Xaveria akamweleza habari za baba yake, na alipofika kwenye mlango usiofunguka, machozi yalimtoka kwa mara ya kwanza.

“Ngozi na viungo vyako vinaumwa ugonjwa mmoja,” daktari alimwambia. “Ni baridi yabisi inayofuatana na ugonjwa wa ngozi. Askari wanaoulinda mwili wako wamemgeukia mwenye mwili. Hukurogwa, na huwezi kumwambukiza mtu.”

“Nitapona?”

“Kuuondoa kabisa, siwezi kukuahidi. Lakini mifupa yako bado ni mizima. Tukiushika sasa, tutautawala kabla haujakutawala wewe. Ungekuja vidole vikiwa vimeshaliwa, ningeweza kukupunguzia maumivu. Kukurudishia vidole nisingeweza.”

Alimpa vidonge vidogo vya manjano vya kumeza mara moja tu kwa wiki, akamwonya asije akavimeza kila siku. Alimwambia damu yake itapimwa mara kwa mara, na kwamba kwa muda atakaotumia dawa ile asishike mimba mpaka washauriane kwanza.

Akarudi nyumbani kesho yake. Baba alikuwa uani, anageuza kahawa kwenye chanja.

“Nilisema usirudi,” alisema bila kuinua kichwa.

“Nilisikia, baba. Nimerudi kuchuma.” Akachukua kikapu ukutani, akateremka shambani. Baba hakumfuata kumzuia. Lakini hakumsemesha tena mpaka msimu ulipokwisha.

Msidhani dawa ilifanya kazi kesho yake. Wiki zilipita bila nafuu. Kila alipomeza, siku iliyofuata alikuwa na kichefuchefu, hata harufu ya maharage ilimshinda. Kisimani walianza kumsema: mke gani huyu anayemeza dawa ili asizae. Maneno yakamfikia mama, mama akamuuliza, nami nilikuwepo.

“Nitazaa, mama,” Xaveria alisema. “Lakini nataka nimbebe mtoto wangu kwa mikono yangu. Mama yangu mzazi anabeba mtu mzima. Sitaki Otmari anibebe mimi.”

Mama hakumuuliza tena, na kisimani akawa wa kwanza kuwanyamazisha wenzake.

Daktari aliongeza dawa, akabadilisha hili na lile, na kila tarehe aliyomwita, Xaveria alikwenda, mvua iwepo, tope liwepo. Wakati wa kupanda maharage nilimkuta mtoni anafua blanketi zito la mama. Alilikamua kwa mikono miwili mpaka maji yakaisha, akaniangalia, akaanza kucheka, na mimi nikacheka naye, tukakaa chini kwenye majani tukicheka kama wajinga. Vidole vilikuwa vyembamba, vimenyooka.

Mabaka yalipungua, ila hayakuisha yote. Jumapili iliyofuata akavaa gauni la mikono mifupi kanisani. Wanawake wawili kwenye benchi wakasogea mbali naye. Xaveria akajitandaza vizuri. “Asanteni,” akawaambia. “Leo nimepata nafasi ya kutosha.” Kuanzia siku hiyo hakuficha tena viwiko vyake.

Msimu mwingine ukafika, na katikati ya kuchuma akaaga anakwenda hospitali. Baba, aliyekuwa ameanza kumsemesha kidogo kidogo, alishangaa.

“Sasa hata huumwi.”

“Siumwi kwa sababu nakwenda, baba.”

Baba alikuna kidevu, akarudi kazini. Baadaye, wakati wa kutafuta mtoto ulipowadia, daktari alimwachisha ile dawa mapema na kumpa nyingine, na ndipo akazaliwa baba yenu. Xaveria alimwosha, akamfunga nepi, akambeba mgongoni mpaka shambani, na hakuomba mtu amfungie kanga.

Sasa nakuja kwangu mimi. Msimu mmoja baada ya hapo niligusa uvimbe kwenye ziwa langu, mdogo, mgumu kama punje ya kahawa. Nilikuwa bado sijaolewa na niliona aibu. Nikanyamaza. Lakini nilikuwa kila mara nashika pale, na siku moja tukichuma, baba akaniona, akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Na kwa kuwa nilimjua, nikaharakisha kusema, “Usijali, baba. Nitakwenda tukimaliza kuchuma.”

Baba alisimama na kahawa mkononi. Safu ya pili Xaveria naye alisimama.

“Gaudensia,” baba aliniuliza, “nani amekufundisha kungoja?”

“Wewe, baba.”

Alikishusha kikapu chake chini taratibu. “Basi nilikufundisha vibaya. Nenda kaoge. Mimi mwenyewe nakupeleka.”

Tukatoka, yeye amevaa koti lake la kanisani, mimi nyuma yake, na mashamba pande zote mbili yamejaa watu. Hakuna aliyewahi kumwona Mzee Betram njiani wakati wa mavuno. Waliacha kuchuma, wakaja ukingoni mwa barabara. Wa kwanza akauliza, “Mzee, kuna msiba?”

“Hakuna msiba,” baba alijibu. “Tunakwenda kuuzuia.”

“Na kahawa yako?”

“Itadondoka. Kidole kilichovimba hakingoji mavuno.”

Mimi sikuumwa kidole, na wao waliliona hilo, lakini baba hakueleza zaidi. Shamba la pili wakauliza, akajibu vilevile. La tatu, vilevile, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayetafuta wa kubishana naye. Mpaka tunafika barabara kuu, bonde zima lilikuwa limeyasikia.

Uvimbe ulikatwa mapema, ndiyo maana nimekaa hapa nachambua kahawa nanyi. Mwaka ule safu za juu zilidondoka zote, zikaoza chini ya miti, na baba alipita juu yake bila kuinama. Watu walipokuja kumpa pole, aliwakatalia pole yao. Alimwita Xaveria uani mbele ya wageni, akamwambia ayaseme yeye yale maneno, kwa kuwa ni yake, na asiyaseme kwa sauti ya chini.

Xaveria akayasema: kidole kilichovimba hakingoji mavuno.