Jembe la Benigno

Sogeeni karibu. Anayejiona hana kosa duniani akae mbele kabisa, nimwone vizuri nitakapofika mwisho.

Kijiji cha Litumbati kinapakana na pori, na mahindi yakianza kukomaa nyati huyanusa kabla ya wenyewe. Wenye bunduki za kibali walilinda mashamba kwa zamu. Mama Gaudensia, aliyerithi bunduki ya baba yake, alijaliwa ulimi: akisema jambo, watu wanalifanya kabla hajamaliza. Osmund alijaliwa shabaha. Risasi moja, mnyama mmoja. Kastory alijaliwa macho, akitazama nyayo anakwambia mnyama kapita lini na anaelekea wapi. Benigno, mume wa Tarsila, hakujaliwa chochote ila kutokosa zamu yake.

Siku moja Gaudensia alirudi kutoka mjini. Muuza risasi alikuwa amemwambia mzigo umechelewa wiki moja, basi. Yeye alipofika kijijini akasema, "Jamani, risasi zinakwisha. Mwenye akili anunue sasa." Alisema kwa nia njema. Habari ikavuka hadi vijiji jirani, watu wakajazana dukani na vibali mkononi, na kwa siku mbili duka likawa tupu. Kumbe zingetosha.

Osmund alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mtu asiyekosa shabaha alinunua risasi kumi na tano, akazifungia sandukuni. Benigno, aliyekuta duka limekauka, alimwendea asubuhi ya zamu yake.

"Kaka, niazime mbili tu."

"Nimeishiwa, ndugu yangu," Osmund akajibu, naye amekalia sanduku lenyewe. Msicheke. Sukari ilipoadimika mwaka jana, humu ndani wapo walioificha hadi ikaingiwa na sisimizi.

Mchana wa siku hiyo Kastory aliona nyayo za nyati aliyejeruhiwa, anachechemea kuelekea mashambani. Desturi ya Litumbati ni moja: ukiona nyayo za namna hiyo, piga risasi hewani, watu wakimbie. Kastory alikuwa na risasi mbili. Akaitazama moja, akaona uchungu kuipoteza bure wakati hazipatikani. "Nitawaambia kwa mdomo," akasema, akatimua mbio.

Alichelewa kidogo sana. Tarsila na watoto, waliokuwa shambani, walikuwa wameshafika nyumbani wakilia. Benigno alikuwa amesimama mbele ya nyati na bunduki isiyo na kitu ili wao wapite, na pale ndipo watu walipomkuta, amelala, roho imeshatoka.

Sasa, kule Litumbati, aliyesababisha kifo hushika jembe la marehemu, akalima shamba la nyumba ile hadi kitinda mimba aoe au aolewe. Hushika mmoja tu, maana shamba la wengi hulimwa nusu. Na akishalishika, hakuna anayeruhusiwa kumnyooshea kidole tena. Siku ya kuanua matanga wote watatu walipiga magoti mbele ya Tarsila, kila mmoja akiliomba.

"Ningenyamaza, risasi zingekuwepo," akasema Gaudensia. "Nipe mimi, mwanangu."

"Alikuja mlangoni kwangu nikamdanganya," akasema Osmund. "Shemeji, zote kumi na tano ziko ndani. Siwezi hata kulala chumba kile."

Kastory alifungua kiganja, akaonyesha zile mbili. "Mlio mmoja tu, shemeji. Mngekimbia wote."

Tarsila alikuwa amelipakata jembe. Akasema bila kumtazama mtu:

"Alirudi kutoka kwa Osmund akaniambia leo haendi. Mimi nikaona aibu, watasema nyumba yetu imekwepa zamu. Nikamwambia, chukua bunduki hivyo hivyo, nyati atajuaje kama ni tupu? Nikamvika mkanda wa bunduki kwa mikono hii." Akalikumbatia lile jembe. "Nikimpa mmoja wenu, huyo atapumzika. Mimi je?"

Watu wa Litumbati wanabishana hadi leo. Gaudensia alisema, Osmund alificha, Kastory alibana, Tarsila alimtuma.

Haya, wewe uliyekaa mbele. Jembe ungempa nani?