Asumini Kwenye Pembe za Beberu

Hodi, wasikilizaji.
*Karibu, msimuliaji.*
Nimebeba mdogo na mkubwa.
*Watue chini. Nani alimweza mwenziwe?*

Palikuwa na nyumba isiyo na mtu. Bi Zaituni, mwenye nyumba, alihamia kwa mwanawe, mbali, akaacha mlango umefungwa na chungu kimoja barazani. Ndani ya chungu mlikuwa na asumini. Juu ya asumini alikaa Kinyonga.

Zamani, asumini ilipochanua, baraza ilijaa sauti. Wanawake walikuja jioni kuchuma maua ya vikuba, vishada vyao vya kujipamba, wakacheka, wakasengenya. Hakuna aliyemsemesha Kinyonga, kwa kuwa watu humwogopa, lakini zile sauti zilimtosha. Kisha kijiti kilichoishikilia asumini kikavunjika. Mmea ukalala sakafuni. Hapakuwa na ua, hapakuwa na sauti.

Aliyekuja ni Beberu tu. Pembe ndefu, ndevu ndefu, tumbo kubwa kuliko yote mtaani. Ko, ko, ko, kwato zake. Alikuwa amekula mirihani ya jirani, amekula mlangilangi, amekula hata mkeka ulioanikwa. Sasa alisimama mbele ya chungu cha mwisho.

"Sogea, mdogo wangu, nile."

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sogea."

"Nasogea. Ila utakula majani machungu, na maua matamu yangali yaja."

"Yako wapi?"

"Hayaji mmea ukilala chini. Unataka nguzo ya kupandia, ndefu, imara, iliyotulia. Nilikufikiria wewe, kisha nikajicheka. Mbuzi na kutulia, wapi na wapi."

"Nani kakwambia siwezi kutulia?"

"Kwato zako."

Beberu akakaza miguu. "Haya, pandisha."

Kinyonga akaushika mmea. Nyonga, nyonga, tuli. Nyonga, nyonga, tuli. Akauzungusha kwenye pembe ya kulia, akaufunga kwa ukindu, fundo legevu, kama alivyomwona Bi Zaituni akifanya.

"Mbona fundo limelegea?"

"Shina litanenepa. Ukilikaba, linakufa."

"Tayari?"

"Bado kidogo, bwana. Tulia."

Asumini ikapanda. Kinyonga akaikata ncha, kachu.

"Mbona wakata chakula changu?"

"Ikikatwa ncha moja, huchipua mbili."

Zile ncha akazichomeka chunguni, kwenye udongo wenye unyevu.

"Tayari?"

"Bado kidogo, bwana. Tulia."

Matawi yaliporefuka, akayalaza kutoka pembe hii hadi pembe ile.

"Mbona huyaachi yaende juu?"

"Yakienda juu tu, yanasahau kuchanua. Yakilazwa, yanachanua kote."

Mvua ikanyesha, Beberu katulia. Jua likawaka, Beberu katulia. Kinyonga alimletea ukoka, jani moja moja, nyonga, nyonga.

"Mdogo wangu," Beberu alisema, "jani likinifikia limeshakuwa nyasi kavu."

Wakawa wanaongea. Beberu alisimulia mikeka aliyoila, upi mtamu, upi wa chumvi. Kinyonga alisimulia vicheko vya wanawake. Na kila jioni Beberu aliuliza, "Tayari?" Na kila jioni Kinyonga alijibu, "Bado kidogo," akatamani maua yakawie.

Asubuhi moja maua yakafunguka. Pa, pa, pa, meupe.

"Sasa nile," akasema Beberu. Akainua kichwa, maua yakaenda nyuma. Akainamisha kichwa, maua yakabaki juu. Akatoa ulimi, akauzungusha huku na huku. Maua yalikuwa katikati ya pembe zake, mahali pekee duniani ambapo mdomo wake haufiki.

"Mdogo wangu, nishushie."

"Bwana mkubwa, wewe ndiye nguzo. Nguzo haili."

Beberu akaruka kwa hasira. Shina likakatika, kacha. Akatimua mbio mtaani na maua kichwani, ko ko ko ko.

"Jamani, bi harusi huyo anapita," mwanamke mmoja alisema. "Mshikeni tuchume."

Wakamkimbiza hadi mwisho wa mtaa. Tangu hapo Beberu akisikia harufu ya asumini hugeuza njia, akidhani wanakuja kumwoza.

Zile ncha chunguni zikashika mizizi. Kinyonga akazipandisha kwenye vyuma vya dirisha, akazilaza, zikachanua dirisha zima. Wanawake walikuja, wakachuma, wakacheka, wakaenda zao. Baraza ikanyamaza.

Kinyonga akafunga fundo la mwisho, legevu. Akasubiri. Hakuna aliyeuliza kitu.

"Bado kidogo," akasema peke yake. "Tulia."

Nimewatua, mdogo na mkubwa.
*Na fundisho lake?*
Waacheni mbuzi wale mimea yenu. Maua mtayakosa, lakini jioni yupo atakayewauliza, "Tayari?"
*Tumesikia. Nenda salama.*
Naenda. Mlango nauacha wazi.